Mkia wa Pasi

Bukuru, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na kalamu yangu imekwama hapo hapo. Ulipokuwa hai nilikuuliza hali kila asubuhi ulipopita kwenye baraza langu pale Mwanga, na kila asubuhi jibu lilikuwa moja, la Kirundi, kwamba mambo ni polepole tu: "Buhorobuhoro, Mama Shabani." Hata siku ile homa imekukamata na meno yanagongana, ulijibu buhorobuhoro. Kwa hiyo sikuulizi. Mimi sijambo. Cherehani inashona, mgongo unauma, Shabani amerefuka mpaka suruali zote zimemwishia magotini, na mdogo wangu Hamisi bado anavuta sigara nyuma ya choo akidhani sina pua.

Nimekaa kuandika kwa sababu kuna kitu nilikuwa nakitafuta tangu tulipokuzika, nimekipata, na nimekosa mtu wa kumsimulia. Wengine nimewaambia. Wanasema "ahaa," halafu wanaomba sukari. Wewe ungeniuliza maswali mpaka chai ipoe.

Ni habari ya winchi yako.

Naona unatabasamu. Fundi wa nguo na habari za winchi wapi na wapi? Lakini mtumbwi ule aliuacha baba yetu, Hamisi ndiye anayetoka nao ziwani, na mimi ndiye ninayemtafuta fundi unapovuja. Kwa hiyo kila kinachofungwa kwenye mtumbwi ule kinanihusu. Na winchi ilinihusu tangu mwanzo, maana nusu yake ilitoka dukani kwangu.

Nakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza. Ulikuwa mwaka ule mlipovuka kwa wingi kutoka Burundi, Mwanga imejaa watu wanaouliza njia ya kambini, na wewe ukasimama barazani na shati la kutiwa kiraka. Nikalitia. Ulipolipokea hukuliangalia hata kidogo. Ulikuwa unaiangalia pasi yangu mbovu ya mkaa, ile iliyotoboka kitako, niliyokuwa nazuia nayo mlango usijifunge. Ukauliza kama naiuza. Nikakwambia hiyo haipigi tena nguo. Ukasema, "Sitaki ipige nguo, Mama. Nataka izame."

Nilidhani safari imekuchosha akili. Siku hizo tuliona watu wengi waliochoka akili. Lakini nilikupa pasi, kwa sababu nilitaka kuona mtu anaifanya nini pasi inayotakiwa kuzama. Unanijua, udadisi utaniua mimi, si homa.

Ukaijaza saruji na vyuma chakavu, ukafunga kifuniko chake kwa waya. Kwa fundi baiskeli, jirani yangu, ukapata rimu iliyopinda, ukainyoosha kwa goti, ukaiweka kwenye fremu ya mbao na mpini wa kuzungushia. Kwenye ile rimu ukaviringisha kamba ya nailoni, na hiyo ndiyo winchi tuliyoifunga kwenye mtumbwi wetu. Vibanio vya nguo uliviiba kwenye kamba yangu ya kuanikia, usikatae, nilikuona. Ukavibandika vipande vya mpira wa tyubu ili vibane sawasawa.

Halafu ukanieleza, kwa subira kubwa, kama unamweleza mtoto. Samaki wakubwa, sangala na kuhe, wanakaa chini. Ukiburuta ndoano nyuma ya mtumbwi, inapita juu juu wao hawana habari. Ukiifunga jiwe, inashuka, lakini samaki akinasa unavuta jiwe na samaki pamoja na hujui mkononi umeshika nani. Dawa yake ni kuvitenganisha. Pasi inashuka kwa kamba yake yenyewe, nene. Mshipi wa ndoano unabanwa na kibanio pale kwenye pasi, unafuatana nayo chini. Samaki akidaka, kibanio kinaachia, na unabaki wewe na samaki wako, hakuna wa kuwaingilia. Pasi unaipandisha baadaye kwa gurudumu. Ulisema kwenu Rumonge uliwahi kupiga makasia kwenye boti ya mzungu aliyekuwa akivua kwa starehe, na ulimwona na mashine ya namna hiyo. Yeye alinunua. Wewe hukuwa na cha kununulia, kwa hiyo uliikumbuka tu, kipande kwa kipande.

Kilichonifurahisha zaidi ni rimu. Ukanionyesha kwamba ikizunguka mara moja kamba inashuka karibu pima moja, urefu wa mikono yako ukiitandaza. Ukapigilia kibati kinachogonga kila mzunguko. Tak, pima. Tak, pima. Hamisi, ambaye hesabu ilimfukuza shule, akawa anajua kina cha ziwa kwa masikio.

Ndipo winchi ikapata fungu. Hii uliikuta hapa na kwenu ipo vilevile: wavu una fungu lake, mtumbwi una fungu lake, na chombo chochote kinachofanya kazi, mwenye chombo anakula. Siku za mbalamwezi ndizo zilizokuwa zako. Mwezi ukijaa dagaa hawazifuati karabai, taa zinalala, wavuvi wanalala, na sufuria nazo zinalala. Mtumbwi wetu ulikuwa unatoka mchana na winchi yako na kurudi na samaki wa kupasua kwa shoka. Fungu la winchi ulilikausha, ukalipeleka kambini kwa mkeo, Mama Goreti, na watoto, naye akalibadilisha na sabuni, mboga, daftari za shule. Mahindi na maharage ya posho hayana shida, aliniambia, shida ni kuyaona kila siku.

Ulipokufa, Hamisi alisema maneno ambayo nilimheshimu kwayo. Alisema winchi bado ni ya Bukuru na fungu litaendelea kwenda kwa mjane wake, kwa muda wote winchi itakapofanya kazi. Tukala kiapo hicho mbele ya lori lililokupeleka kambini. Sikulia siku ile, nilikuwa na kazi ya kumshika Mama Goreti. Nililia wiki iliyofuata, nilipoona mlango umejifunga na upepo na hakuna pasi ya kuuzuia.

Basi sikiliza kilichotokea.

Mbalamwezi ya kwanza bila wewe, Hamisi na wenzake walirudi na mishipi iliyojisokota mpaka huoni mwanzo wala mwisho. Hawakuwa na samaki. Hamisi akasema ni bahati mbaya. Mbalamwezi ya pili, vilevile: mshipi umejiviringisha kwenye kamba ya pasi kuanzia juu hadi chini, ndoano imeng'ang'ania kamba, kibanio kimefunikwa hakiwezi kuachia. Waliukata kwa kisu. Safari hiyo Hamisi hakusema bahati mbaya. Alisema, "Dada, mashine imemfuata mwenyewe."

Nikamuuliza imemfuataje, wakati naiona pale mchangani imekaa. Akanuna.

Ndipo akaniambia habari ya mashine ya dukani. Kuna mfanyabiashara hapa Mwanga, ana duka la vipuri, amepata winchi ya kizungu, ya chuma king'aacho, iliyoachwa na mtu aliyeondoka nchini. Hamisi alikuwa ameshauzungusha mpini wake. Mwenye duka amekubali kumwekea mpaka mbalamwezi ijayo. Nikaona hesabu yote kabla hajamaliza kusema. Winchi ya dukani ikinunuliwa, mwenye chombo ni sisi. Fungu la Bukuru limekwisha. Hakuna aliyevunja kiapo, kwa sababu kiapo kilisema muda wote winchi itakapofanya kazi, na winchi haifanyi kazi. Hamisi si mtu mbaya, ana watoto nyumbani kama wewe. Ila sikulala vizuri.

Na kilichonisumbua hakikuwa huruma peke yake, Bukuru, nikwambie kweli. Nilikuwa nataka kujua. Chuma ni kilekile, kamba ni ileile, vibanio ni vyangu vilevile. Kwa nini kitu kinachoendeshwa na mikono miwili kijue mikono hiyo ni ya nani?

Nikaenda dukani kuiona hiyo mashine. Mwenye duka alishangaa kuona mwanamke anaiulizia, akadhani nimepotea njia ya duka la vitambaa. Nikamwambia niache niizungushe. Ndugu yangu, sitakuficha, ni nzuri. Mpini unateleza. Ina breki unayoikaza kwa vidole, wakati yako tulikaza kwa kisigino cha Hamisi. Ina mkono mrefu wa kutoa kamba nje ya mtumbwi, na kamba yenyewe ni waya wa chuma. Ina tarakimu ndogo zinazobadilika, lakini zinahesabu futi, na Hamisi angehitaji mwalimu kwenye mtumbwi. Nikauliza springi yake ikikatika nyingine inapatikana wapi. Mwenye duka akaangalia dari.

Uzito wake ni mpira wa madini ya risasi, mviringo, mzito, umepakwa rangi. Nikauinua kwa mikono miwili. Nyuma ya ule mpira kuna kipande cha bati kimesimama wima, chembamba, kama mkia wa samaki. Nikamuuliza hiki cha nini. Akasema, "Urembo."

Urembo! Mtu atengeneze kitu cha kukaa gizani chini ya ziwa, halafu akitie urembo, amwonyeshe nani? Nilishona mchana kutwa siku ile, na mguu kila ukikanyaga cherehani lile bati linarudi kichwani. Nikiwa nakunja upindo wa sketi ya shule, mkono ukasimama wenyewe. Nilikumbuka vitambaa.

Unakumbuka ulivyonisumbua na vitambaa? Kila ukirudi toka ziwani ulipitia barazani kuomba mabaki kwenye kapu langu. Mara ya kwanza kitenge. Halafu ukarudi, ukasema kitenge hapana, nipe kaki. Ukarudi tena, kaki hapana, nipe turubai la viti. Nilidhani unashona nguo za watoto, nikajiuliza watoto gani wanaovaa turubai la viti. Kila nilipouliza ulisema, "Utajua siku moja, Mama Shabani." Mwisho ukaja na kipande chako mwenyewe, turubai la buluu la kambini, ukanipa nikukunjie mara mbili na kushona pande tatu, niache mdomo wazi kama mfuko. Ukageukia ukutani, ukatia kitu ndani, ukanirudishia nishone mdomo. Nikashona. Kidole kilihisi kitu kigumu ndani yake, na wewe ulikuwa unaniangalia usoni kuona kama nitauliza. Sikuuliza, nilikuwa nimeshachoka kuambiwa siku moja.

Nikafunga duka mapema, nikashuka Ujiji mpaka ufukweni. Winchi ilikuwa imelala kwenye mtumbwi, pasi juu yake. Nikaigeuza. Nyuma, pale kwenye kisigino cha pasi, kulikuwa na tundu na kipande kidogo cha waya. Waya umekatwa. Turubai halipo.

Nikamwita Hamisi. Nikamwonyesha tundu. Nikamuuliza kilichokuwa hapa kiko wapi, na nilimwona akibadilika sura, mtu mzima mwenye ndevu.

"Nilikikata, dada. Ilikuwa hirizi."

"Nani kakwambia hirizi?"

"Imeshonwa pande zote nne na ina kitu ndani. Sasa ni nini kama si hirizi? Dawa ya mtu aliyekufa haikai kwenye chombo. Ingetugeukia." Akaniambia kwamba siku ile matanga yalipokwisha, aliikata, akasoma aliyojua kuyasoma, akaitupa ziwani, tena mbali, penye kina.

Bukuru, nilikaa chini mchangani. Nilicheka mpaka wanaoanua dagaa wakageuka kuangalia. Hirizi hiyo niliishona mimi! Kwa uzi wa sare za shule! Hamisi alisimama pale hajui acheke au akimbie. Na sikuweza kumlaumu sana. Wewe mwenyewe ungemwambia siku ya kwanza kwamba ni mkia, angejua ni mkia. Lakini nadhani nakuelewa. Rimu kila mtu anayo, pasi mbovu ziko nyingi. Mgeni asiye na kwao, anayekaa mjini kwa kibali, akionyesha kila kitu, kesho atabakiwa na nini cha kumweka kwenye mtumbwi wa watu? Ulificha kitu kimoja tu, na ulikificha mahali pa wazi. Wakakiona, na kila mmoja akajiambia mwenyewe ni nini.

Ila bado nilikuwa nabahatisha. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Kesho yake nikamlazimisha Hamisi auzungushe mtumbwi mpaka Bangwe, kule kwenye mawe, ambako maji ni maangavu mpaka unaona samaki wadogo wakigombana. Hakutaka nipande, ana mambo yake kuhusu wanawake kwenye mtumbwi wa kuvulia, kwa hiyo nilipita nchi kavu, nikafunga khanga vizuri na kukaa juu ya jiwe, miguu majini. Akashusha pasi kidogo tu, akapiga kasia kupita mbele yangu.

Nikaiona! Pasi haikuwa inakwenda. Ilikuwa inacheza. Ililala ubavu, ikageuka, ikarudi, ikajizungusha, na kamba ikajisokota nayo, na mshipi wa ndoano ukaanza kujiviringisha kwenye kamba pale pale mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele Hamisi asimame. Aliposogea nikafunga kitenge kisiginoni mwa pasi. Kikajikunja kama kamba, hakikusaidia chochote. Kaki ilikwenda vizuri kidogo, halafu ikalowa ikalegea ikaning'inia. Nilikuwa nimejaza kapu, na nikajikuta nachagua vitambaa kwa mpangilio uleule ulioniomba wewe. Ulikuwa umeshapita njia yote ile peke yako, huko katikati ya ziwa ambako maji ni meusi na hukuweza kuona kitu. Ulijuaje? Kwa kamba mkononi tu? Ulihisi inavyotetemeka? Hilo ningependa uniambie, na huwezi.

Turubai la kambini sikuwa nalo. Nikangoja.

Mama Goreti alikuja na kibali chake cha mjini, mzigo umefungwa kwa kipande cha buluu. Alikuwa amekuja kulifuata fungu, na alikuwa ameshasikia njiani kwamba halipo na kwamba tunanunua mashine nyingine. Alinisalimia, akakaa pembeni ya baraza kana kwamba anamsubiri mtu wa kumwambia basi, nenda zako. Sipendi kumkumbuka alivyokaa.

Nikamwambia yote, toka bati la dukani mpaka Bangwe. Nilipofika kwenye turubai akajishika kiuno.

"Ego, ndiyo! Kumbe! Alikata kwenye paa la nyumba yetu, juu ya kitanda cha Goreti. Mvua ikalinyeshea blanketi. Nikamuuliza, wewe, unakata paa? Akasema, paa lile lilikuwa na kipande cha ziada. Turubai gani lina ziada?"

Tukacheka wote wawili, kisha akafungua mzigo wake, akanipa kile kipande, akasema kata unavyotaka. Nikakata. Nikakunja mara mbili, nikashona pande tatu. Nikamuuliza ndani uliweka nini, maana bila kitu kigumu chini, mkia unapeperuka badala ya kusimama.

Akauliza ule wa kwanza uko wapi.

Hamisi alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza, mimi nisingemsema. Lakini alisema mwenyewe, akiangalia viatu vyake. Kwamba aliutupa ziwani.

Mama Goreti akatuambia. Ndani ulitia ufunguo wa nyumba yenu ya Rumonge. Alitoka nao kwenye kitambaa cha kichwa siku mliyokimbia, alifunga mlango kabisa kama mtu anayekwenda sokoni. Baadaye mlipata habari kwamba nyumba imechomwa, mlango wenyewe haupo. Akautunza vivyo hivyo. Na siku moja wewe ulimwomba. Alikataa, ukamwambia, na alisema maneno yako kwa sauti yako, Bukuru, nilikusikia wewe kabisa: "Ufunguo usio na mlango ukae bure, na watoto wanataka mboga? Uende ukafanye kazi." Akakupa.

Hamisi alitoka nje. Nilidhani ameenda kuvuta. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakunuka sigara. Alimwambia Mama Goreti "anisamehe," akajisahihisha, "nisamehe." Mama Goreti akamjibu, "Oya, hapana, usilie. Ziwa ni moja. Huenda umeurudisha karibu na kwetu kuliko tulivyo sisi." Sijui alikuwa anamfariji nani.

Mfuko ulikuwa bado wazi mkononi mwangu. Tulihitaji kitu cha chuma, kidogo, kizito. Hamisi akaleta msumari. Mama Goreti akauangalia, na mimi nikaona msumari haufai, ingawa ulifaa. Nyumba yangu ya Katubuka ina kufuli lenye funguo mbili. Mmoja nauvaa shingoni, wa pili ulikuwa unakaa kwenye kopo la vifungo hapo mezani. Nikautoa koponi, nikauvua ule wa shingoni, nikaziweka kiganjani zote mbili, nikamwambia mkeo achague. Hakuelewa. Nikamweleza kwamba mmoja unaingia kwenye mkia, na mwingine ni wake, akija mjini asilale tena kwenye veranda ya kanisa. Mimi nitachongesha mwingine. Alichagua taratibu sana, kama anachagua samaki.

Tukajaribu Bangwe kwanza. Nilikaa kwenye jiwe langu. Pasi ilipita mbele yangu imenyooka, pua mbele, mkia wa buluu umesimama nyuma yake, haigeuki wala haitikisiki. Mshipi ulikuwa unaifuata bila kugusana na kamba. Ni kitu kizuri sana kukiona. Nilitamani ungekiona kwa juu, kwa mwanga, mara moja tu, maana wewe uliyekitengeneza hukuwahi.

Mbalamwezi ilipofika walitoka asubuhi. Mimi nilifunga duka, nikasema naenda kununua uzi, nikaenda ufukweni. Mama Goreti alikuwa ameongezewa kibali, alikuwa pale kabla yangu, na hakuna kati yetu aliyeuliza mwenzake anafanya nini pale. Mtumbwi uliporudi Hamisi alisimama, na yule hasimami kwenye mtumbwi hata kwa dawa. Alikuwa anapiga kelele, na upepo ulimkata maneno mpaka walipokaribia. "Kimeachia! Kibanio kimeachia!" Hakusema habari ya samaki. Sangala walikuwa wamelala miguuni kwake, vichwa kama vya ndama, na yeye anatangaza kibanio cha nguo.

Mafungu yaligawanywa pale pale mchangani kama zamani. La mtumbwi, la wavuvi, na la winchi. Hamisi aliliweka la winchi mwenyewe mbele ya mkeo, akachagua samaki mkubwa kuliko nilivyotegemea.

Mashine ya dukani ilichukuliwa na mtu mwingine. Sisemi ni mbaya. Bila lile bati nisingejua chochote, na Hamisi bado hupita dirishani pale akiangalia mahali ilipokuwa. Wavuvi wengine wameanza kuuliza. Rimu wanazo, pasi mbovu wanazitafuta mji mzima, wake zao wananilalamikia. Tumewaambia kila mtu aunde yake, tutamwonyesha, lakini mkia haundi mtu. Mkia unanunuliwa kwa Mama Goreti. Anaushona kambini kwa mkono, mishono midogo kuliko yangu, na anachotia ndani hamwonyeshi mtu. Akiulizwa anasema utajua siku moja.

Nimempa turubai la kuziba lile pengo juu ya kitanda cha Goreti. Nakuarifu tu, usije ukapanda kulikata tena.

Sasa nakuaga, ndugu yangu. Shabani ananiita, kuna mtu barazani ana suruali ya kupunguza. Pumzika buhorobuhoro. Watu wanasema iko siku mtarudi kwenu, na siku hiyo ikifika nitamsindikiza Mama Goreti mpaka bandarini na sitamzuia. Ila Katubuka sihami, na lile kufuli limeanza kushika kutu, Hamisi kila siku ananiambia nunua jipya. Sinunui. Ufunguo mmoja uko kwa mkeo, na mwingine unashuka ziwani kila mbalamwezi nyuma ya pasi yako. Kufuli lile silibadilishi maisha yangu yote.

Ni mimi,
Mama Shabani